Jiko Lililohama

Kuna kazi moja inayonilipia kodi siku hizi: kuandika maelezo ya nyumba zinazouzwa. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na kati ya vibarua vyote vya kalamu nilivyopata tangu hapo, hiki ndicho kinacholipa kwa wakati. Dalali ananitumia picha kwa simu, mimi natafuta maneno. Nyumba nyingi ziko Eldoret na viunga vyake: Elgon View, Kapsoya, Annex, na siku hizi hata huku Moiben, ambako shamba la mahindi linageuka ploti kabla hujamaliza kuuliza bei. Na kila mwenye nyumba mpya ana kitu anachotaka kitajwe kwenye sentensi ya kwanza kabisa: kisiwa cha jikoni, chenye oveni iliyopachikwa ndani yake.

Mafundi wa hapa hukiita ailandi. Mimi huandika kisiwa, na kila mara nacheka kidogo. Tuko karibu kilomita 800 kutoka Mombasa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila mtu anataka kisiwa. Kama hujawahi kukiona, ni kaunta iliyosimama peke yake katikati ya jikoni, haigusi ukuta wowote. Juu granaiti, chini makabati, na katika kabati mojawapo, badala ya sahani, oveni ya umeme imeingizwa kama droo, mlango wake wa kioo ukimtazama mpishi. Kwenye picha inapendeza sana. Inapendeza kiasi kwamba huulizi hewa inapita wapi.

Mwaka huu kisiwa kimefika kwetu. Shangazi anajenga Moiben, kwenye kipande alichogawiwa na babu, na pesa zinatoka kwa mwanawe aliye ng'ambo. Sababu ya kujenga haisemwi sana mezani: ni kifua cha kogo. Kogo ni bibi kwa Kikalenjin, na huyu wetu amepikia kuni tangu akiwa msichana. Daktari alimsikiliza kifua, kisha akamuuliza swali moja tu: unapikia wapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa hivyo mpango ni kumtoa kogo kwenye jiko la nje na kumwingiza ndani, penye oveni. Na mimi, kwa kuwa ndiye niliyewahi kuonja chuo, nikapewa kijitabu cha oveni nikisome. Kimeandikwa kwa lugha zaidi ya kumi. Kiswahili hakimo.

Nikakisoma. Halafu, kama kawaida yangu, nikapotelea kwenye historia, maana kuna swali lilinikaa kichwani ambalo kijitabu hakikuwa na jibu lake. Moto ulitokaje katikati ya nyumba zetu, hata leo tukope sacco ili kuurudisha?

Kwa sababu ulikuwa katikati. Nyumba ya zamani ya Wakalenjin ilikuwa ya mviringo, ukuta wa fito na udongo, paa la nyasi, na ndani yake mafiga matatu. Upande mmoja walilala watu, na mara nyingi upande wa pili mbuzi na ndama. Juu ya moto kulikuwa na dari la fito, tabut, ambapo wimbi liliwekwa. Bomba la moshi hapakuwa. Moshi ulipanda taratibu, ukakausha nafaka, ukafukuza wadudu, kisha ukapenya kwenye nyasi za paa na kuzitia masizi meusi yaliyozifanya zidumu. Hata mkaa ulikuwa na kazi yake: kijinga cha senetwet kilisugua ndani ya kibuyu, sotet, kabla ya maziwa kuingia na kugeuka mursik.

Sisemi haya kwa kusifu zamani. Moshi huo ulikuwa na kazi tano, na ya sita ilikuwa kuharibu mapafu ya yule aliyekaa karibu nao. Lakini ilikuwa nyumba iliyofikiriwa vizuri. Aliyeijenga alijua moto uko wapi, joto linaenda wapi na moshi unatokea wapi. Hayo maswali matatu, nitayarudia, ndiyo yaleyale yaliyo kwenye kijitabu cha oveni.

Halafu kuna chepkube. Wasomaji wa Nairobi huenda hamuijui, na ni hasara yenu. Ni jiko la udongo ambalo wanawake wa Kikalenjin hujenga kwa mikono yao jikoni: pande kubwa la udongo uliokandwa na kulainishwa, mdomo mmoja wa kuingizia kuni, na juu matundu mawili au matatu ya sufuria, ili moto mmoja uchemshe maharagwe na chai kwa pamoja. Inakula kuni kidogo kuliko mafiga matatu kwa sababu moto umefungiwa, haupeperuki. Ila kinachonivutia zaidi ni tumbo lake. Ndani ya lile pande la udongo huachwa chumba kinachopashwa na moto wa jirani. Humo ugali wa aliyechelewa hukaa na joto, kuni mbichi hukauka, na asubuhi za baridi ya Uasin Gishu, vifaranga huwekwa humo wasife.

Sasa niambie: pande la jiko lenye kaunta juu na chumba cha joto ndani yake, kimejengwa na nyumba na hakiwezi kuhamishwa. Hiyo si oveni ya kupachikwa ni nini? Tofauti ni kwamba chepkube haina kioo, na hakuna dalali atakayeniomba niitaje kwenye sentensi ya kwanza.

Ardhi ambayo jiko hili limejengwa juu yake ilipangiwa watu wengi ambao hawakuwahi kuulizwa kama wanaitaka, na wenyewe waliokuwepo hawakuulizwa kama wanaitoa. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapa viongozi wa Wazayuni wazo la kuwapa Wayahudi makao kwenye nyanda hizihizi za Uasin Gishu. Tume ikaja, ikatazama, na mwaka 1905 wazo likakataliwa. Mwaka huohuo, tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei aliuawa, na upinzani wa Wanandi ukavunjwa. Miaka mitatu baadaye, 1908, kundi la Makaburu kutoka Transvaal likiongozwa na Jansen van Rensburg lilishuka Mombasa kwa meli, likapanda treni hadi Nakuru, kisha likapanda huku juu kwa magari ya kukokotwa na maksai. Mji waliouzunguka uliitwa Sixty-Four kwa sababu posta yake ilijengwa kwenye shamba nambari 64. Wazee bado husema Sisibo. Jina Eldoret likaja 1912.

Watu hao walikuja na mkate. Huko kusini walikotoka, msafiri asiye na oveni alichimba kichuguu. Unatoboa mlango chini, unawasha moto ndani mpaka udongo uwe mwekundu, unakwangua makaa, unaweka mkate, unaziba. Udongo wa mchwa ni mgumu na hushika joto. Nilipojua hilo nilifikiria chepkube papo hapo: watu wa pande mbili, bila kuulizana, wamefikia jibu moja, kwamba udongo mzito unakumbuka moto hata baada ya moto kuondoka.

Na walikuja na ngano, au tuseme ngano iliwafuata. Kampuni ya Unga ilianzishwa na Lord Delamere mwaka uleule wa 1908. Reli ikafika Eldoret 1924. Moiben ikawa nchi ya ngano na mahindi, na bado ni nchi ya ngano na mahindi. Hapa pana jambo ambalo limenishangaza tangu utotoni: tunaishi katikati ya ngano, na oveni hatuna. Ngano inaondoka kwa lori, inarudi ikiwa mkate ndani ya karatasi. Ile inayobaki tunaipika juu ya chuma: chapati, mandazi kwenye mafuta. Kule Pwani wana tanuri na mkate wa mofa, na wana mkate wa kumimina unaopaliliwa makaa juu na chini. Sisi tulio na shamba lenyewe tulibaki na kikaango.

Oveni ilikuwepo Moiben, lakini ilikuwa na mlango wake wa kuingilia. Nyumba ya setla ilikuwa na jiko kando, jengo dogo nyuma, mbali na sebule. Sababu ya kwanza ni ya busara kabisa: paa la nyasi na jiko la kuni haviwezi kulala chumba kimoja. Sababu ya pili ni kwamba mpishi alikuwa Mwafrika, na nyumba ilipangwa ili chakula kifike mezani bila mpishi kufika. Nyuma zaidi ya jiko kulikuwa na chumba cha mfanyakazi, kile ambacho ramani zetu bado zinakiita SQ. Chini ya sheria ya 1918, familia ya Mwafrika iliyoishi kwenye shamba la setla ililipia kukaa hapo kwa kazi isiyopungua siku 180 kwa mwaka. Siku 180 kila mwaka, kwenye ardhi ambayo babu zao walichungia ng'ombe.

Baba wa babu yangu alikuwa mpishi kwenye shamba mojawapo huku Moiben. Kwetu habari zake zilizobaki ni chache: kwamba alijua kupima joto la oveni kwa kuingiza mkono na kuhesabu, na kwamba mkate wake ulisifiwa na wageni. Kila siku alioka. Jioni akirudi kwake, mkewe alikuwa amepika kwenye mafiga matatu. Mkewe hakuwahi kuiona oveni aliyotumia mumewe. Kwa miaka mingi, basi, waliojua oveni katika nyanda hizi walikuwa wanaume, na waliovuta moshi nyumbani walikuwa wanawake. Lugha yenyewe ya jikoni ilikuwa ya amri. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu chake cha kuwafundisha masetla na wake zao Kiswahili cha bara, lugha ya kutosha kumwelekeza mfanyakazi bila mkalimani. Ndiyo maana kijitabu cha oveni kilinichoma kidogo. Wakati ule Kiswahili kilitosha kuamrisha mpishi awashe oveni. Leo mpishi ndiye mwenye oveni, na Kiswahili hakimo.

Umeme nao ulikuja mjini mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya East African Power and Lighting iliweka mtambo Eldoret mwaka 1933. Lakini nguzo zilijua njia za nani. Vijiji vingi vya mashambani vilisubiri karibu karne nzima, hadi mradi wa Last Mile ulioanza 2015.

Uhuru ulipokuja masetla wengi waliondoka, mashamba yakanunuliwa, yakakatwa, yakarithiwa. Tuliporithi ardhi tukarithi na ramani. Tembea Moiben leo: nyumba ya matofali mbele, makochi yenye vitambaa, picha za waliohitimu ukutani, na nyuma yake jiko la mabati au udongo likifuka moshi. Hakuna aliyeamrisha. Moshi ni moshi, na ukuta mweupe ni ukuta mweupe. Lakini mama wa nyumba anakula wa mwisho, mbali na wageni, kwenye jengo lililowekwa nyuma kwa ramani ya mtu mwingine. Jiko la makaa lenye udongo ndani, lile tunaloliita jiko tu, lilienea miaka ya 1980 na kupunguza makaa. Mtungi wa meko ukaleta moto wa haraka kwa chai ya asubuhi. Vyote viwili vilibadilisha kilichowaka. Pahali pa kupikia palibaki palepale.

Kisiwa ndicho kinachobadilisha pahali, na asili yake si Marekani peke yake kama tunavyodhani tukitazama video. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke Mwaustria, alibuni jiko la nyumba za bei nafuu za mji wa Frankfurt: chumba chembamba, kila kabati limepimwa, kila hatua ya mpishi imehesabiwa. Majiko kama 10,000 ya namna hiyo yalijengwa. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba kabla ya kulibuni hakuwa mtu wa kupika. (Napenda sana kujua hilo. Dunia nzima inapika kwa vipimo vya mtu ambaye hakupika.) Kutoka kwa fikra za namna hiyo, za kupima na kupanga jiko kama karakana, tulipata makabati ya vipimo sawa, na oveni iliyotolewa miguu ikaingizwa ndani ya kabati. Leo uso wa oveni ya kawaida una upana wa karibu sentimita 60, na tundu lake linahitaji kama sentimita 56, iwe Frankfurt au Moiben. Kisha Wamarekani wenye nafasi wakakisogeza kile kipande cha kaunta kikasimama katikati, ili anayepika awatazame watu badala ya kutazama ukuta.

Huku kwetu pesa za kisiwa, mara nyingi, zimekimbia. Tangu Kipchoge Keino arudi na dhahabu ya mita 1,500 kutoka Mexico 1968, mbio zimekuwa njia ya kununua ardhi Uasin Gishu. Moses Tanui alishinda Boston mwaka 1996 na tena 1998, akajenga hoteli mjini. Waliofuata wamejenga maghorofa, shule, na nyumba za kuishi ambazo kazi yangu ni kuzisifu. Mtu anarudi kutoka nchi za watu akiwa ameona jiko ambalo mamake angeweza kusimama katikati ya sebule bila aibu. Anataka hilo. Simcheki. Shangazi anataka hilohilo.

Basi tukakaa na fundi, mimi, shangazi na kijitabu, kwenye rundo la matofali, na ramani imeshikwa na jiwe isipeperuke. Fundi ni mtu mzuri na mkono wake ni safi. Alikuwa na mpango: oveni upande wa kulia wa kisiwa, mtungi wa gesi wa jiko la juu kwenye kabati la kushoto, nyuma ya kisiwa apige ubao wote hadi chini, na juu granaiti nzito. "Mama, itakaa kama sanduku moja," alimwambia shangazi. "Hata mende hapiti."

Hapo ndipo penyewe. Mende asipopita, hewa pia haipiti.

Oveni ya kupachikwa si jiwe la moto tu. Ndani yake, kuzunguka chumba cha kuokea, kuna feni inayovuta hewa baridi kutoka kwenye kabati na kuitoa mbele, kupitia mwanya ulio juu ya mlango. Hiyo hewa ndiyo inayozuia waya na mbao zinazoizunguka zisipate moto. Ukiiweka oveni ukutani, watengenezaji huagiza nafasi nyuma yake na mwanya wa hewa chini. Kwenye kisiwa ni rahisi kusahau, kwa sababu nyuma ya kisiwa kuna viti na wageni, na kila mtu anataka ubao usio na tundu. Lazima tundu liwepo: chini, kwenye ule ubao wa vidole vya miguu, na njia wazi nyuma ya oveni mpaka juu. Mbao zenyewe ziwe za gundi inayostahimili joto. Ubao wa maganda ya mbao uliobandikwa karatasi kwa gundi ya bei ya chini huanza kufunguka kingo kabla ya Krismasi ya kwanza.

Na kuna jambo ambalo kijitabu, kilichoandikwa kwa ajili ya watu wasiojua kupotea kwa stima, kimelipitia haraka. Feni hiyo huendelea kuzunguka hata baada ya kuzima oveni, mpaka ipoe. Sasa hesabu wewe. Kuku yuko ndani, joto ni nyuzi 220, mvua ya Moiben inaanza, radi moja, stima imeenda. Feni imesimama, joto limebaki ndani ya sanduku ambamo hata mende hapiti. Pale ndipo matundu ya chini na juu yanapofanya kazi bila kuombwa, kwa sababu hewa moto hupanda yenyewe, kama ilivyopanda kwenye tabut.

Fundi alisikiliza. Kuhusu hewa alikubali upesi, akachora mistari miwili kwa penseli. Kuhusu gesi tulibishana zaidi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haiendi dirishani, inalala chini kama maji, inajaa kabati na kusubiri cheche. Kuweka mtungi ndani ya kisiwa kimoja na oveni ya umeme ni kuweka kisima cha gesi kando ya joto na swichi. Mtungi ukae nje ya nyumba, kivulini, na bomba liingie likiwa na koki inayofikiwa kwa mkono. Fundi alisema wateja wote wanaweka ndani. Shangazi akasema, "Fundi, mimi si wateja wote." Kesi ikaisha.

Umeme ndio uliokuwa na haraka, na hapa nawaomba mnaojenga mnisikilize. Kisiwa hakina ukuta. Waya wake lazima upite chini ya sakafu, kwa hiyo paipu lazima ilale kabla slabu haijamwagwa. Ukisahau, utapasua sakafu, au, na hili ndilo nimeliona kwenye picha za nyumba za mamilioni, utavuta kebo ya kuongezea kutoka ukutani, ikae chini ya kapeti. Oveni ya kilowati 3 kwenye umeme wetu wa volti 240 inavuta ampea 12.5. Plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Inaweza, kama punda anavyoweza, mpaka siku moja. Na oveni nyingi zinazidi kilowati 3. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye boksi kuu, unene uliopigiwa hesabu, kinga ya kukata umeme ukivuja, na swichi ya kuizima unayoifikia bila kuichomoa oveni. Swichi iwe kando, isiwe nyuma. Na anayefanya awe na leseni ya EPRA. Kuiomba uione si kumkosea heshima.

Mengine ni madogo lakini yanauma. Oveni ifungwe kwa skrubu kwenye kabati pande zote mbili, la sivyo siku utakapofungua mlango na kuuwekea trei ya nyama, itainama mbele yako. Kisiwa chenyewe kifungwe sakafuni. Mbele ya mlango kubaki angalau mita moja, maana mlango ukifunguka unakuwa meza ya moto kwa urefu wa uso wa mtoto. Na tafadhali, oveni si kabati la sufuria. Nimeingia nyumba za watu nikakuta mifuniko ya plastiki humo. Siku mgeni atakapoiwasha ili kuonyesha inavyong'aa, mtakuja kunieleza.

Hilo la sufuria ndilo linalonirudisha kwa swali la nani anapika, kwa sababu oveni inayogeuka stoo ni oveni ambayo mwenye nyumba haitumii. Nyumba nyingi ninazoziandika zina majiko mawili. La mbele lina kisiwa, taa zinazoning'inia, oveni yenye stika ya dukani bado kwenye kioo. La nyuma, ambalo dalali huniambia nisilitaje, lina mabati, kuni na msichana wa kazi. Ugali, githeri, matumbo, nyama ya sherehe, vyote vinatoka nyuma. Ramani ya setla imeongezewa chumba kimoja cha maonyesho, basi. Anayevuta moshi ni yuleyule, au mwenye umri wake wa zamani. Ndiyo sababu sikubaliani na wenzangu wanaoandika kwamba kisiwa ni fahari tupu ya matajiri. Fahari ni kisiwa kisichopikiwa. Kikipikiwa kweli, na mwenye kifua kibovu akatoka kwenye moshi, hiyo ni afya, na ingefaa kupigiwa hesabu kama dawa.

Kwa hiyo tulimuuliza kogo. Inashangaza jinsi ilivyotuchukua muda. Tulimpeleka kwenye msingi, akatembea polepole kati ya kamba, akasimama pale kisiwa kitakapokuwa. Shangazi akamweleza oveni: itaoka, itapasha, haina moshi. Kogo akauliza juu ya kaunta itakuwa na urefu gani. Akaonyeshwa. Akasema ni juu sana kwake, yeye hukoroga ugali kwa uzito wa mwili wote, na sufuria ya watu kumi ikiwa juu hivyo atakoroga kwa shingo. Mtu wa kwanza kupima kisiwa kwa ugali alikuwa yeye. Kisha akauliza vifaranga vitakaa wapi.

Fundi akacheka, kisha akaona hatucheki.

Kisiwa sasa kina ngazi mbili. Upande wa oveni uko kwenye urefu wa kawaida, upande wa pili umeshushwa sentimita 15, moto wa gesi umewekwa huko, na juu yake kutakuwa na kofia ya kuvuta mvuke hadi nje ya paa. Nyuma ya nyumba, kwenye jengo dogo lenye dirisha kubwa pande mbili, kutakuwa na chepkube mpya ya kukaangia mahindi na kulelea vifaranga, safari hii ikiwa na bomba linalotoka juu. Kogo amesema ataijenga mwenyewe, na amekataza saruji. Udongo anautaka kutoka kichuguu kilicho kando ya mto. Paipu tatu za waya zimeshalala chini, moja ni ya akiba, na slabu inamwagwa Jumanne kama mvua itakubali.